Uzi wa viazi mviringo bustanini: kwa anayeanza na tuta moja

Mleta uzi (Mbeya)

Heshima kwenu wakuu.

Mvua za kwanza zikikaribia huku Nyanda za Juu Kusini, maswali ya viazi mviringo huwa mengi, na majibu mengi yanayotolewa ni ya mwenye ekari. Nataka niandike kwa ajili ya mtu wa kawaida mwenye kiwanja chake, nyuma ya nyumba pana nafasi ya matuta mawili matatu, ambaye anataka achimbe viazi vyake mwenyewe vya kuweka kwenye rosti. Nimelima viazi bustanini kwa miaka mingi na nimeshaelekeza majirani wengi. Nikiulizwa kinachowaangusha wengi wanapoanza, jibu langu ni mbegu. Samadi na maji watu hawakosei sana. Wanahangaika wiki nzima kuandaa tuta zuri, kisha wanaingia jikoni, wanachukua viazi vilivyochipua kwenye kikapu na kuvifukia. Hapo kazi yote imeshaharibika kabla hata jani halijaonekana.

Kiazi cha sokoni hujui kimetoka shamba gani. Zao hili linapandwa kwa kiazi chenyewe, kwa hiyo kila ugonjwa uliokuwa kwenye mmea mama unahamia kwa mtoto. Virusi vinavyoenezwa na vidukari huongezeka kila msimu mbegu ileile inaporudiwa. Mmea unadumaa, majani yanajikunja, unachimba viazi vya ukubwa wa gololi na kuilaumu ardhi. Bakteria wa mnyauko ndio wabaya zaidi, maana kiazi kinaweza kuwa nao ndani na kwa nje kikaonekana safi kabisa. Ukikipanda, umewaleta bakteria kwenye udongo wako, na kuwatoa ni kazi ya miaka.

Sasa mbegu utaipata wapi? Tanzania, anza na TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo hapa Mbeya, au wakulima wanaozalisha mbegu iliyokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu. Kenya wenzetu wana kituo chao cha utafiti, KALRO Tigoni, na mbegu zao hukaguliwa na taasisi yao, KEPHIS. Kwa bustani huhitaji gunia zima. Tafuteni majirani wanne au watano, mchange na kugawana. Tuta moja la kawaida linataka kama kilo moja na robo tu ya mbegu.

Nitaendelea na tuta lenyewe. Ulizeni mnapoona nimeruka.

Mdau (Dar es Salaam)

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi niko Kimara na nina matuta mazuri tu ya mchicha na bamia. Kwa joto la huku inawezekana, au nijifurahishe tu?

Mleta uzi

Ndugu yangu, nikikuambia inawezekana nitakuwa nakupotezea pesa. Viazi mviringo asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini, na tabia ya ubaridi hakijaiacha. Mmea huweka viazi vizuri pale udongo na hewa vinapokuwa kama nyuzi 15 hadi 20, na kinachoamua zaidi ni ubaridi wa usiku. Joto likizidi, chakula chote kinakwenda kwenye majani na mashina. Unaona msitu wa kijani unaopendeza hadi wapita njia wanausifia, ukifukua chini unakuta mizizi. Huku kwetu viazi vinakubali kuanzia miinuko ya mita 1,300 au 1,400 kwenda juu: Mbeya, Rungwe, Njombe, Makete, Mufindi, Lushoto, miteremko ya Kilimanjaro na Meru.

Wewe wa Dar, panda viazi vitamu kwenye matuta hayohayo. Hata ukoo wake ni mwingine kabisa, joto lako ndilo linalokipendeza, na majani yake ni matembele. Ukitaka sana kujaribu mviringo, panda Mei ili vipate miezi ya Juni, Julai na Agosti, weka mashina machache tu, na usiweke matumaini makubwa.

Mleta uzi

Tuta. Mimi napendekeza upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 3, uache njia ya nusu mita kuzunguka. Upana huo unakuwezesha kufika katikati kwa mkono ukiwa upande wowote bila kukanyaga ndani, maana udongo uliokanyagwa unabana na kiazi kinatoka kimekunjika. Tifua hadi sentimita 30. Toa mawe, ng'oa mizizi ya sangari na ndago yote usiache hata kipande. Changanya ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyooza vizuri kwa tuta zima. Samadi mbichi usiweke. Inavutia wadudu, na kiazi kinatoka na ukurutu kwenye ngozi.

Majivu nayo, wengi wetu tumezoea kuyamwaga kwenye kila tuta. Kwa viazi acha. Kiazi kinapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5 hadi 6.5, na majivu yanaupeleka upande wa pili, ambako ukurutu unastawi. Yapeleke kwenye kabichi.

Sasa jambo ambalo maelezo mengi hayaligusi. Viazi vipya havioti chini ya mbegu. Vinaota kwenye vijimizi vinavyotoka kwenye sehemu ya shina iliyo chini ya udongo, kati ya mbegu na uso wa ardhi. Ndiyo maana lazima upandishe udongo juu mmea unavyokua. Shambani hilo ni rahisi kwa sababu kuna mfereji kati ya mstari na mstari na unavuta udongo kutoka hapo. Kwenye tuta la bustani lililojaa udongo na kusawazishwa juu, utauvuta kutoka wapi? Wengi wanafika hatua hiyo wanakwama, wanakwangua kidogo pembeni, wiki inayofuata mvua inaufua wote na viazi vinachungulia jua.

Kwa hiyo fanya hivi tangu mwanzo. Chimba mifereji miwili kwa urefu wa tuta, kila mmoja uwe sentimita 30 kutoka ukingoni, kati yao inabaki sentimita 60. Kina cha mfereji kiwe kama sentimita 15. Udongo unaotoka usiumwage njiani, urundike katikati kwenye zile sentimita 60 uwe kama mgongo. Panga mbegu chini ya mfereji kila sentimita 30, kumi kila upande, jumla 20. Funika kwa sentimita 8 hadi 10 tu. Tuta lako kwa sasa litaonekana na mabonde mawili na mlima katikati. Usilisawazishe. Ule mlima ndio akiba yako ya kupandishia.

Kama unatumia mbolea ya dukani, DAP kizibo cha soda kimoja kwa kila shimo kinatosha, uichanganye na udongo kwanza kabla ya kuweka mbegu. Mbegu ikigusana na mbolea moja kwa moja, machipukizi yanaungua.

Mdau (Limuru)

Hapa kwetu waru, yaani viazi mviringo, ndio maisha, na hiyo ya kuweka udongo katikati ni kweli kabisa. Naomba niongeze kuhusu mbegu kuchipua. Ukinunua mbegu ambayo bado imelala, ukaizika hivyo hivyo, unaweza kungoja wiki tano na nusu yake ioze. Sisi tunatandaza kwenye trei au kreti mahali penye mwanga lakini si jua kali, safu mbili au tatu tu, hewa ipite. Chipukizi zinatoka fupi, nene, na rangi ya kijani au zambarau. Zile nyeupe ndefu zinazotoka kiazi kikiwa gizani zinavunjika ukigusa tu. Panda chipukizi zikiwa sentimita moja hadi moja na nusu, macho yakiangalia juu.

Na msisahau aina inaamua muda wa kulala. Shangi inaamka upesi sana na kukomaa ndani ya miezi mitatu, ndiyo sababu Kenya nzima inaipenda, lakini baridi ya ukungu ikija ndiyo ya kwanza kuanguka. Sherekea inakawia, lakini ugonjwa wa majani inauvumilia vizuri.

Mleta uzi

Asante sana ndugu wa Limuru, hayo ya mwanga ni ya kuzingatiwa. Aina zinazoitwa Asante na Sherekea zipo huku pia na ndizo ningemwambia mtu wa bustani aanze nazo, hasa kama anapanda na mvua na hataki kushika bomba la dawa kila wiki.

Ukubwa wa mbegu uwe wa yai la kuku. Ikiwa kubwa zaidi watu hukata vipande. Mimi nashauri mwanzoni usikate. Kisu kinapita kwenye kiazi kimoja chenye mnyauko kisha kinagawa ugonjwa kwa kumi vinavyofuata. Ukilazimika, chovya kisu kwenye jiki kila baada ya kiazi kimoja, kila kipande kiwe na macho mawili au zaidi, na uviache siku mbili au tatu kivulini jeraha likauke na kufanya ngozi ndipo upande.

Mdau (Iringa)

Shikamoo mkuu. Mimi tuta langu nilitoa nyanya mwezi uliopita, udongo bado una mbolea nzuri tu. Nataka nipande viazi hapohapo nisipoteze ile samadi. Kuna shida?

Mleta uzi

Marahaba. Shida ipo, na kubwa. Naomba hili kila mtu alisome.

Viazi mviringo, nyanya, nyanya chungu, bilinganya, hoho, pilipili, mnavu na tumbaku ni ukoo mmoja. Magonjwa yao makubwa wanashirikiana. Bustani ya nyumbani ndiyo hatari zaidi kuliko shamba kwa sababu kila tuta limeshapita nyanya, na pembeni kuna mnavu unaochumwa kila siku. Bakteria wa mnyauko wanakaa kwenye udongo, kwenye masalia ya mizizi, kwenye magugu, na wanasafiri kwa maji yanayotiririka, kwa jembe, hata kwa matope ya kwenye viatu.

Kwako wewe wa Iringa, hilo tuta weka mahindi au maharage, viazi vipeleke kwenye tuta lililokuwa na kabichi, karoti, vitunguu au mahindi. Gawa bustani yako mafungu manne na uzungushe, ukoo huu usirudi mahali pamoja kabla ya misimu mitatu minne kupita. Kama mnyauko umeshaonekana kabisa, ongeza muda.

Namna ya kuutambua: mmea unalegea mchana jua likiwa kali huku majani yakiwa bado ya kijani, jioni unainuka kidogo, kesho unalegea zaidi, kisha haunyanyuki tena. Wengi wanadhani ni kiu na wanaongeza maji. Kabla ya kumwagilia, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kama urefu wa kidole. Jaza maji safi kwenye glasi inayoonyesha, ning'iniza kile kipande upande uliokatwa uguse maji, usitikise. Ngoja dakika chache ukiangalia kwa ukaribu dhidi ya kitu cheusi. Kama ni mnyauko bakteria, utaona uzi mwembamba mweupe kama maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye lile jeraha. Ukikata kiazi chake utakuta duara la kahawia ndani, ukikibinya linatoa uteute, na kwenye macho ya nje udongo umeganda kwa sababu ya huo uteute.

Dawa ya kupulizia ya mnyauko huu haipo, hata muuza pembejeo akikuhakikishia. Ng'oa mmea mzima na viazi vyake na udongo unaoshikilia mizizi, weka kwenye mfuko, choma au zika mbali na bustani, wala usivitupe kwenye shimo la mboji. Osha jembe. Maji ya tuta hilo yasielekee tuta jingine.

Mdau (Iringa)

Nimeelewa mkuu, nahamisha. Nilikuwa nimeshaandaa na mbegu. Asante kwa kuniwahi.

Mdau (Njombe)

Mleta uzi usisahau ukungu. Huku kwetu mwezi wa pili na wa tatu asubuhi huoni hata nyumba ya jirani, na viazi vinakwenda ndani ya wiki.

Mleta uzi

Ndipo nilikuwa naelekea. Bakajani chelewa, wengi wanauita ukungu au barafu ingawa barafu yenyewe ni kitu kingine. Ugonjwa huu ndio ulioteketeza viazi vya Ireland kuanzia 1845 na watu karibu milioni moja wakafa kwa njaa na maradhi. Wamarekani na Wazungu wa leo bado wanapambana nao, kwa hiyo msishangae ukifika kwenu.

Inua majani ya chini asubuhi na mapema kabla umande haujakauka. Ukiona doa la rangi ya maji machafu linaanzia ukingoni mwa jani, na kwa chini kulizunguka kuna ukungu mweupe kama vumbi la unga, ni wenyewe. Mchana jua likitoka ule unga hauonekani vizuri, unabaki na doa la kahawia nyeusi tu. Ndiyo maana nasema asubuhi.

Kwenye bustani una nafasi ya kukinga kuliko mwenye ekari kumi. Usibananishe mimea. Mwagilia chini kwenye udongo, tena asubuhi, usimwagie majani jioni yakalala na maji. Shina moja likianza, toa majani yote yenye doa siku hiyohiyo. Dawa zenye mankozebu hukinga kwa kufunika jani kwa nje, kwa hiyo hupulizwa kabla ugonjwa haujaingia na hurudiwa kila siku 7 hadi 10 wakati wa mvua kwa sababu inaoshwa. Jani likishaingiwa, mankozebu peke yake hailirudishi. Kipimo fuata kibandiko cha kopo lako, vaa glavu na kitambaa puani, na zingatia zile siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa hapo. Hiki ni chakula cha watoto wako.

Na usipuuze aina inayovumilia. Mbegu ya Sherekea kwenye tuta moja itakuokolea pulizo nyingi.

Mdau (Lushoto)

Mimi ni mama wa nyumbani, nina tuta moja la viazi, sasa vina wiki tatu tangu vitokeze. Vimefika kama shubiri moja. Nipandishe udongo sasa au ningoje maua?

Mleta uzi

Pandisha sasa dada, usingoje maua. Mmea ukifika sentimita 15 hadi 20, palilia kwanza magugu, kisha vuta ule udongo wa katikati uujaze mabonde na kulizunguka shina, uache juu majani kama theluthi moja tu. Kama majani yamepauka, nyunyiza kizibo cha mbolea ya CAN kuzunguka kila shina kabla ya kufunika, lakini usizidishe, naitrojeni ikizidi inakupa majani tu. Baada ya wiki mbili hadi tatu rudia mara ya pili, safari hii uinue hadi pawe na tuta refu lenye mgongo wa mviringo kwa kila mstari. Udongo wa katikati ukiisha, ongeza mboji iliyokomaa au udongo wa njiani. Baada ya hapo usiingize jembe tena, utakata vijimizi.

Majani makavu juu yake ni mazuri kwa kushika unyevu, ila yawe mazito. Ukiweka safu nyembamba mwanga unapita na kiazi cha juu kinageuka kijani.

Kuhusu hilo la kijani, kiazi kilichopigwa na mwanga kinatengeneza sumu ya solanini. Kinakuwa kichungu na kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Sehemu ndogo ya kijani kata kwa kina na uitupe, kiazi kilichokuwa kijani kwingi kitupe chote. Vilevile mmea unaweza kuzaa vijitunda vya kijani mfano wa nyanya ndogo baada ya maua. Wakataze watoto, vina sumu hiyohiyo.

Kufunika udongo vizuri kunamzuia pia nondo wa viazi. Yule anataga kwenye kiazi kilicho wazi au anapitia kwenye nyufa za udongo mkavu, funza wake wanachimba mashimo ndani, na unakuja kuwagundua viazi vikiwa tayari stoo. Ukiona udongo umepasuka, mwagilia na uzibe.

Mdau (Lushoto)

Maji nimwage kiasi gani kama mvua imekatika?

Mleta uzi

Kama lita 25 kwa kila mita ya mraba kwa wiki, ugawe mara mbili au tatu. Tuta lako la mita 1.2 kwa 3 ni kama ndoo nne na nusu za lita 20 kwa wiki. Kipindi kisichovumilia kiu ni kuanzia machipukizi ya maua yanapoonekana na wiki chache zinazofuata, maana ndipo viazi vinapojiwekea idadi na kuanza kujaa. Kinachoharibu zaidi ni kukausha kabisa kisha kufurika. Kiazi kinasimama kukua, kikipata maji ghafla kinapasuka au kinatoa vinundu pembeni, na ndani kinaweza kuwa na tundu.

Mdau (Arusha)

Kuna video zinazunguka, mtu anajaza udongo kwenye kiroba mpaka mita moja na nusu, anavuna viazi toka chini mpaka juu. Kwa sisi wa nyumba za kupanga inafaa?

Mleta uzi

Kiroba kinafaa, ule urefu ndio hauna faida. Vijimizi vinavyobeba viazi hutoka zaidi kwenye sehemu ya chini ya shina, na aina zetu nyingi zinazowahi kukomaa haziendelei kutoa safu juu ya safu kwa sababu tu umeongeza udongo. Ukijaza mita nzima umebeba udongo bure. Chukua kiroba cha kilo 50, toboa chini na pembeni maji yatoke, kunja mdomo hadi kiwe kifupi, weka sentimita 15 za udongo uliochanganywa na mboji, mbegu mbili au tatu, funika sentimita 10. Kadiri mmea unavyopanda, kunjua na kuongeza udongo hadi sentimita 40 au 50 jumla, kisha acha. Kiroba kinakauka upesi, kiangazi utamwagilia karibu kila siku. Kiweke pasipopigwa na jua la saa nane mchana kwenye ukuta wa bati, joto lile linapika mizizi.

Mdau (Limuru)

Na kuvuna? Wageni wengi wanang'oa mapema, ngozi inatoka kwa mkono, waru inaoza kwa wiki mbili.

Mleta uzi

Kweli kabisa. Aina nyingi zinachukua siku 90 hadi 120. Majani yakianza kuwa ya njano na kulala yenyewe, punguza maji. Kisha kata mashina yote usawa wa ardhi, uyaondoe, na uviache viazi humohumo ardhini kwa siku 10 hadi 14. Hapo ndipo ngozi inapokaza. Chimba kimoja cha majaribio, sugua kwa dole gumba kwa nguvu. Ngozi ikiteleza bado, rudishia udongo na ungoje.

Chimba siku kavu, anzia nje ya tuta ukija ndani kwa uma, usipige jembe katikati. Viache juu ya udongo vikauke saa moja hivi, visilale juani. Usivioshe kama unataka kuviweka. Vilivyochomwa na jembe vinaliwa wiki hiyohiyo, vizima vinakwenda sehemu yenye giza, hewa na ubaridi, kwenye kreti au gunia la katani. Mfuko wa plastiki unavitoa jasho na kuvioza.

Shina lililotunzwa linatoa nusu kilo hadi kilo moja. Kwa mashina 20, kilo 10 ni mavuno ya kawaida kwa anayeanza, na mwenye mbegu safi anaweza kukaribia 20.

Mdau (Njombe)

Swali la mwisho toka kwangu. Mbegu iliyothibitishwa ni ghali. Nikishainunua mara moja naweza kujiwekea ya msimu ujao?

Mleta uzi

Unaweza, ila usisubiri kuchagua kwenye rundo baada ya kuvuna. Hapo watu wanakula vikubwa na kuweka vidogo kuwa mbegu, na vidogo mara nyingi ndivyo vilivyotoka kwenye mimea migonjwa. Uchaguzi ufanyike mmea ukiwa bado umesimama. Kabla kidogo ya maua, pita tutani na vijiti. Kila mmea wenye majani mapana ya kijani, usiojikunja, usio na mabaka ya njano, usio mdogo kuliko wenzake, uchomekee kijiti. Baada ya wiki mbili pita tena, ulioanza kuonyesha dalili yoyote ng'oa kijiti chake. Vuna ile yenye vijiti peke yake, shina kwa shina, na uliokuwa na viazi vichache au vyenye kasoro uache uende jikoni. Kilichobaki, vile vya ukubwa wa yai, ndiyo mbegu yako. Ukifanya hivi kila msimu unapunguza kasi ya mbegu kuchoka, na baada ya misimu mitatu hivi rudi ununue mpya. Kama mnyauko ulionekana popote kwenye bustani msimu huo, usiweke mbegu hata moja, vyote kula.

Mwenye kukosa mbegu ya viazi aulizie pia miche. Siku hizi kuna wazalishaji Kenya na Tanzania wanaouza miche midogo iliyokatwa kutoka kwenye mimea safi ya maabara. Unaipanda kama unavyopanda mche wa kabichi, inataka maji ya mara kwa mara wiki za mwanzo, na viazi vinavyotoka hapo ni mbegu nzuri ya msimu unaofuata. Kwa tuta moja, hii ni njia ya bei inayobebeka.

Mdau (Iringa)

Na baada ya kuvuna nipande nini pale?

Mleta uzi

Maharage, kisha mahindi au kabichi. Hata ukichimba kwa makini kuna vijiviazi vitabaki na kuchipua katikati ya maharage. Ving'oe vyote vinapotokeza, hata kama vinaonekana vizuri, kwa sababu ndivyo vinavyouweka ugonjwa hai mpaka zamu ya viazi irudi.